Mafungo ya akina mama wamishonari: Anayewahudumia wengine naye huhitaji kuhuishwa roho

MTAA wa Ganjoni uko upande wa kusini wa kisiwa cha Mombasa, baina ya bandari ya Kilindini na kivuko cha Likoni. Ni mtaa wa nyumba za makazi, maghala na ofisi za mawakala wa meli, na msongamano wa watu waendao Likoni hausikiki mbali.

Hata hivyo, katikati ya pilikapilika hizo, zipo sehemu za utulivu. Huko Mbaraki umesimama mnara wa kale wa mawe ya matumbawe, kando ya msikiti, ambako hadi zama za karibuni walikuwako watu waliofika kuomba haja zao. Si mbali na hapo ni ufuo wa Mama Ngina, uliokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, ambapo wakazi huketi chini ya mibuyu jioni na kutazama meli zikiingia na kutoka.

Kwa muda mrefu, mlango huo wa bahari ndio uliokuwa lango la wamishonari wa Kikristo walioelekea bara. Wengi wao walikuwa wanawake. Walishuka hapa wakiwa na afya na matumaini, na miaka kadhaa baadaye baadhi yao walipita hapa tena wakirudi makwao, wakiwa wamedhoofika mwili na, mara nyingi zaidi kuliko ilivyosemwa hadharani, wamevunjika moyo.

Ni kutokana na hali hiyo ndipo ilipozuka huduma ambayo leo yajulikana katika makanisa mengi: mafungo ya kiroho kwa akina mama wanaofanya kazi ya umisheni mbali na nchi zao. Wapo wanaoyaona mafungo hayo kuwa likizo iliyopewa jina la dini. Wapo wanaouliza kwa nini mtu aliyejitolea kumtumikia Mungu aombe nafasi ya kupumzika. Historia ya mwambao huu na ya nchi jirani ya Uganda inatoa jibu, na mojawapo ya majibu hayo lilitoka kinywani mwa mwanamke Mwafrika ambaye jina lake halijulikani na wengi.

Kaburi la ng'ambo

Upande wa pili wa kisiwa, ukivuka maji ya Bandari ya Kale hadi Nyali, ndiko lilikozikwa kaburi la huzuni kuliko yote katika historia ya umisheni wa pwani ya Kenya. Amelazwa humo Rosine Krapf, mke wa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Chama cha Wamishonari wa Kanisa la Uingereza, CMS.

Wawili hao walifunga ndoa mwaka 1842 nchini Misri. Mwaka uliofuata, wakiwa safarini katika nyika kavu za kaskazini mashariki mwa Afrika, Rosine alijifungua mtoto wa kike ambaye hakuishi. Walimpa jina la Eneba, neno la Kihabeshi lenye maana ya chozi.

Mwaka 1844 walihamia Mombasa. Baada ya muda mfupi homa iliwashika wote wawili. Rosine, aliyekuwa mjamzito tena, alijifungua binti Julai mwaka huo, na tarehe 13 ya mwezi huo akafariki dunia. Baada ya siku chache mtoto naye akamfuata mama yake.

Kwa mujibu wa maelezo ya mumewe, Rosine aliomba azikwe bara na si kisiwani, ili wapita njia wakumbuke kilichowaleta. Krapf alibaki, akaanzisha kituo cha Rabai pamoja na Johannes Rebmann mwaka 1846, na jina lake likaingia katika vitabu vya lugha ya Kiswahili na vya jiografia ya Afrika.

Jina la Rosine hutajwa kwa sentensi moja au mbili. Katika muda wa miaka miwili alizika mtoto mmoja, akavuka bahari, akaugua, akajifungua na kufa katika mji ambao hakuwa na ndugu wala mwanamke mwenzake wa kwao. Hakukuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumuuliza hali yake.

Walioshuka Mombasa

Katika miongo iliyofuata, wanawake waliokuja kwa umisheni walikuwa hasa wake za wamishonari. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1887, pale CMS ilipoanza kutuma wanawake wasioolewa kwa idadi kubwa.

Mwaka 1895 wanawake watano wa chama hicho walifunga safari kutoka pwani hadi Uganda wakifuatana na Askofu Alfred Tucker. Reli ilikuwa haijajengwa. Walikwenda kwa miguu pamoja na msafara wa wapagazi, wakafika Mengo mwezi Oktoba, na umati wa wanawake wa Buganda ukajitokeza kuwalaki.

Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, safari ikawa nyepesi. Mwanzoni mwa mwaka 1903 watawa sita Wafransisko, akiwamo Mama Kevin aliyezaliwa Ireland, walifika Nsambya, Kampala. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1923, Mama Kevin aliasisi shirika la watawa Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambalo hadi leo lina shule na hospitali katika Afrika Mashariki.

Kwa nje, hadithi hizi ni za ushujaa, na ni kweli zilikuwa za ushujaa. Lakini ndani ya nyumba za misheni mlikuwa na jambo ambalo barua za kuomba michango hazikuligusa. Wanawake wawili au watatu, waliochaguliwa na ofisi ya mbali bila kujuana, walitakiwa kuishi chini ya paa moja kwa miaka mingi, kula meza moja, kugawana kazi isiyokwisha na kuonekana na watu wote kuwa mfano wa upendo. Ilipotokea kwamba hawapatani, hawakuwa na pa kwenda.

Kilichotokea Iganga

Mtu aliyelisema jambo hilo waziwazi kuliko wengine alikuwa Florence Allshorn. Alizaliwa London mwaka 1887, akafiwa na wazazi wake akiwa mdogo, akalelewa Sheffield. Mwaka 1920 CMS ilimtuma Iganga, katika nchi ya Busoga, kufundisha katika shule ya bweni ya wasichana.

Alikuta hali ngumu. Mmishonari mkubwa wa kituo hicho alikuwa mwanamke aliyechoka kwa miaka mingi ya kazi na joto, mwenye hasira za ghafla, na aliyeweza kukaa siku nzima bila kumsemesha mwenzake. Kabla ya Allshorn, vijana saba walikuwa wametumwa kumsaidia, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyedumu.

Allshorn naye alifikia ukingoni. Baadaye alisimulia kwamba jioni moja aliketi barazani akilia. Matroni wa shule, mwanamke Mwafrika, akaja akaketi miguuni pake. Baada ya kimya, matroni yule alimwambia kwamba amekaa kituoni hapo miaka kumi na mitano, amewaona wote wakija na kusema wamewaletea Mwokozi, lakini hajaona bado hali ya nyumba ile ikiokolewa.

Maneno hayo yalimchoma. Kwa mara ya kwanza alitambua kwamba watu waliokuwa wakihubiriwa walikuwa wakiisoma nyumba ya wahubiri kila siku, na kwamba walichokisoma hakikulingana na mahubiri. Tangu siku hiyo aliamua kwamba kazi yake ya kwanza si shule, bali ni kumpenda mwanamke aliyekuwa akiishi naye.

Kwa mwaka mzima alisoma kila siku sura ya 13 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ihusuyo upendo. Haikuwa kazi ya siku moja. Lakini polepole mwenzake alibadilika, naye akabadilika, na wanafunzi pamoja na watumishi wa kituo wakaona tofauti.

Mwaka 1924 Allshorn alirudi Uingereza akiwa na ugonjwa wa mapafu. Hakurejea tena Uganda kufanya kazi. Lakini alichojifunza barazani Iganga kilikuja kuwa msingi wa huduma iliyowafikia mamia ya wanawake wengine.

Nyumba ya kupumzishia roho

Kuanzia mwaka 1928 Allshorn alisimamia mafunzo ya wanawake waliokuwa wakijiandaa kwenda ng'ambo chini ya CMS. Aliwaaga walipoondoka, na baada ya miaka kadhaa akawapokea waliporudi kwa likizo ya kwanza.

Alichokiona kilimtia wasiwasi. Wengi walikwenda wakiwaka na kurudi wamezimika. Hawakuwa wameacha imani, wala hawakuwa wavivu. Walikuwa wamefanya kazi kupita kiasi, wamegombana na wenzao, wamekosa mtu wa kumweleza ukweli, na sasa walitakiwa kutumia likizo hiyo kuzunguka makanisani wakitoa hotuba za kutia moyo.

Mwaka 1940 aliacha kazi hiyo na, pamoja na wanawake wachache, akaanzisha jumuiya iliyoitwa Mtakatifu Juliani, ambayo baadaye ilikaa katika jimbo la Sussex, kusini mwa Uingereza. Haikuwa nyumba ya utawa wa kawaida, wala haikuwa hoteli. Wanawake wale waliishi pamoja kwa ahadi ya kuambiana kweli na kupendana kwa dhati, nao wamishonari waliochoka walikaribishwa kukaa humo.

Mgeni alipewa chumba, bustani ya kutembea, vitabu na kimya. Hakulazimishwa kutoa hotuba wala ripoti. Aliyetaka kuzungumza alimpata wa kumsikiliza. Allshorn aliamini kwamba mahali pazuri na nyumba yenye amani humhubiria mtu aliyechoka kuliko mahubiri mengine.

Alifariki dunia Julai 1950. Lakini wazo lake lilirudi Afrika Mashariki: jumuiya yake ilifungua nyumba Limuru, katika milima ya chai karibu na Nairobi. Kituo hicho cha Mtakatifu Juliani kingali kinajulikana na Waanglikana wa Kenya kama mahali pa mafungo. Wazo lililozaliwa kwa maneno ya matroni wa Busoga, likalelewa Uingereza, likarudi kuwatumikia Waafrika wenyewe.

Maana ya mafungo

Neno mafungo, kama litumikavyo makanisani, lina maana ya kujitenga na shughuli za kila siku kwa siku kadhaa ili kusali, kutafakari na kujichunguza. Si lazima liambatane na kufunga chakula, ingawa wapo wanaofanya hivyo.

Kwa wakazi wa Mombasa, Wakristo na Waislamu, jambo hilo si geni. Waislamu wana itikafu, ambayo mwumini hukaa msikitini kwa ibada, hasa katika siku kumi za mwisho za mwezi wa Ramadhani. Imani zatofautiana, lakini zote mbili zakiri kwamba moyo wa mwanadamu hauwezi kusikia sawasawa katikati ya makelele.

Wakristo huchukua msingi wa mafungo katika Biblia. Injili ya Marko, sura ya 6, yasimulia jinsi mitume walivyorudi kutoka kazini wakiwa wamezongwa na watu hata wakakosa nafasi ya kula, naye Yesu akawataka waende mahali pa faragha wapumzike. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, chasimulia habari za nabii Eliya aliyetamani kufa kwa uchovu. Kabla ya kupewa agizo lolote, malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale.

Katika Kanisa Katoliki, Ignasi wa Loyola aliyapangia mafungo utaratibu maalumu katika kitabu chake cha mazoezi ya kiroho, kilichoidhinishwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548. Utaratibu kamili huchukua takriban siku 30. Nchini Kenya, Wajesuiti huendesha kituo cha Mwangaza jijini Nairobi kwa kazi hiyo.

Kwa watawa, mafungo si hiari. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 663, huwataka wazingatie kwa uaminifu mafungo ya kila mwaka. Kwa hiyo sista anayehudumu ng'ambo ana siku zake zilizolindwa na sheria, angalau kwa maandishi. Mmishonari wa kanisa la Kiprotestanti, hasa mwanamke aliyeolewa, mara nyingi hana ulinzi kama huo. Siku zake hutegemea hisani ya shirika, ratiba ya mumewe, na kama yupo wa kuwaangalia watoto.

Kwa nini akina mama huchoka

Katika miaka ya 1990, Muungano wa Kiinjili wa Dunia ulifanya uchunguzi katika nchi 14 kuhusu wamishonari wanaoacha kazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Ilionekana kwamba takriban wamishonari 5 kati ya kila 100 huacha kazi kila mwaka, na kwamba zaidi ya theluthi mbili ya wanaoacha hufanya hivyo kwa sababu ambazo zingeweza kuzuiwa.

Miaka kumi kabla ya hapo, Marjory Foyle, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa mmishonari India na Nepal, aliandika kitabu kuhusu msongo wa mawazo miongoni mwa wamishonari. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba kujeruhiwa katika utumishi si aibu. Askari aliyeumia vitani hupewa heshima na matibabu, ilhali mmishonari aliyeumia moyoni hujificha.

Sayansi ya tiba nayo imelitambua jambo hili kwa jumla. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza uchovu uliopindukia wa kazini katika orodha yake mpya ya uainishaji, si kama ugonjwa bali kama hali itokanayo na mkazo wa kazi usiodhibitiwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kuisha, mtu kuichukia au kujitenga na kazi yake, na kuona kwamba hafanyi lolote la maana.

Kwa wanawake wa umisheni, mizigo hiyo ina sura zake. Mke wa mmishonari huenda asihesabiwe kuwa mfanyakazi, ilhali siku nzima anapokea wagonjwa mlangoni, anafundisha watoto wake na kupika kwa ajili ya wageni. Mwanamke asiyeolewa huulizwa kila mahali kwa nini hana mume, na hukabidhiwa kazi za ziada kwa madai kwamba hana familia.

Aliye na watoto huwapeleka shule ya bweni ya mbali na kuhesabu miezi. Aliye na wazazi wazee hupokea simu ya msiba akiwa maelfu ya kilomita kutoka nyumbani. Na wote wana mzigo mmoja unaowafanana: hawawezi kukiri udhaifu wao kwa watu wanaowahudumia, wala kwa wafadhili wanaowatuma, maana wanaogopa kwamba wa kwanza watavunjika moyo na wa pili watakata fedha.

Siku za mafungo

Mafungo ya akina mama wamishonari huchukua kwa kawaida siku tatu hadi kumi. Hufanyika mahali palipo mbali na kituo cha kazi: nyumba ya watawa, kituo cha kanisa, au ufukweni. Katika pwani ya Kenya, mfano wa mahali kama hapo ni kituo cha Jumuia huko Kanamai, kaskazini mwa Mombasa, kinachomilikiwa na Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya.

Siku ya kwanza mara nyingi huachwa tupu kwa makusudi. Wengi hulala tu. Waandaaji wenye uzoefu hulijua hilo, nao hawapangi somo zito jioni ya kwanza. Kama ilivyokuwa kwa Eliya, usingizi na chakula hutangulia agizo.

Baadaye huja sala za pamoja, somo fupi la Maandiko, na saa ndefu za kimya. Kimya hicho huwatisha wengine kuliko kazi yenyewe. Mtu aliyekimbia huku na huko kwa miaka minne hukutana ghafla na hasira aliyoizika, au kilio cha mtu aliyemfia mikononi zahanati.

Kisha huja mazungumzo. Katika vikundi vidogo, kila mmoja hupewa nafasi ya kueleza safari yake bila kukatizwa wala kupewa ushauri wa haraka. Panapokuwa na mshauri nasaha, anayehitaji hukutana naye faraghani. Sharti la msingi ni siri: lisemwalo mafungoni halipelekwi kwa mkubwa wa shirika. Pasipo sharti hilo, mafungo hugeuka kuwa mkutano mwingine wa kutoa ripoti.

Wanaoandaa mafungo hayo huzingatia pia mambo madogo yenye uzito. Washiriki hawapewi zamu za jikoni. Watoto hupata walezi. Nguo za kazi huachwa nyumbani. Mwanamke ambaye kila siku ndiye anayeandaa meza, sasa anaandaliwa.

Mabaharia wa Mji wa Kale walilielewa jambo hili kwa njia yao. Jahazi lililokwenda bahari kuu msimu mzima halipakiwi tena mara moja. Hupwelezwa ufukweni, mianya ya mbao ikakalafatiwa kwa pamba na mafuta, ndipo lirudi majini. Nahodha anayeruka hatua hiyo hahesabiwi kuwa hodari, kwani anahatarisha roho za walio ndani.

Nani anayestahili kupumzika?

Hata hivyo, yapo maswali yanayopaswa kuulizwa. Katika zama za ukoloni, mmishonari kutoka Ulaya alikuwa na likizo yake, safari ya meli na nyumba ya kupumzikia. Mwinjilisti Mwafrika aliyefanya naye kazi, pamoja na mkewe, hawakuwa na lolote kati ya hayo. Matroni wa Iganga aliwaona wageni wakija na kwenda kwa miaka kumi na mitano. Yeye alibaki.

Waafrika walijitafutia njia yao. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanza Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930 na kufika Kenya mwaka 1937, uliwakutanisha watu katika vikundi vya ushirika ambamo kila mmoja aliungama waziwazi yaliyokuwa moyoni mwake. Wamishonari Wazungu waliojiunga na vikundi hivyo walijikuta wakiomba msamaha mbele ya Waafrika, jambo ambalo lilikuwa nadra sana wakati huo.

Kwa wanawake, ushirika huo ulikuwa mafungo yasiyohitaji nauli. Mke wa mwalimu, mjane na mmishonari waliketi benchi moja. Ndani yake lilipatikana lile ambalo Rosine Krapf hakulipata: mwanamke mwenzake wa kumwambia ukweli.

Leo ramani ya umisheni imebadilika. Wanawake wa Afrika Mashariki wenyewe ndio wanaotumwa. Shirika la Masista Waeneza-Injili wa Maria, lililoanzishwa Uganda mwaka 1975, lilikusudiwa tangu mwanzo kuwa la wamishonari Waafrika. Mjini Eldoret, Kanisa la Africa Inland lina chuo cha kuwaandaa wamishonari wake, wanaume kwa wanawake.

Lakini mwanamke Mkenya anayetumwa na kanisa lake hutumwa mara nyingi kwa mfuko mdogo. Ikiwa fedha hazitoshi, siku za mapumziko ndizo hukatwa kwanza. Aidha, jamii nyingi zetu humsifu mama asiyelalamika, na mama huyo hujifunza kuficha uchovu wake hadi mwili unapousema kwa niaba yake.

Ndiyo maana makanisa yanayotuma wanawake kazini yana wajibu wa kuyahesabu mafungo kuwa sehemu ya gharama za kazi, sawa na nauli na dawa, badala ya kuyaacha yawe zawadi atakayopewa atakapoporomoka. Si lazima yawe ya gharama kubwa. Siku tatu katika nyumba ya watawa, mshauri mmoja mwaminifu, na mtu wa kushika kazi kituoni huweza kutosha.

Zaidi ya hapo, mafungo pekee hayatibu yote. Ikiwa mwanamke anarudi kwenye kituo kilekile, kwa mkubwa yuleyule asiyesikiliza na kazi ileile ya watu watatu, siku za ufukweni hufutika upesi. Allshorn hakubadilishwa na likizo. Alibadilishwa na mtu aliyemwambia kweli, kisha akarudi mezani na kuanza kuipatanisha nyumba.

Jioni, wakati feri za Likoni zinapovuka zikiwa zimejaa wafanyakazi warudio makwao, wakazi wa Ganjoni huteremka ufukweni kupunga upepo. Hakuna awaulizaye kwa nini wanapumzika, maana kesho yake wana kazi. Mwanamke aliyevuka bahari kwa ajili ya watu wengine naye ana kesho yake, na wanaomngojea huko kituoni watamsoma yeye kabla ya kulisoma Neno alilobeba.